Fundi Mizani na Protini ya Changu

Tangu tumzike Fundi Mizani, mtaa mzima umemgeuza walii. Muuza kahawa anaapa hajawahi kusikia neno baya kinywani mwake. Muuza kahawa ni mwongo. Mimi nilikaa na mzee yule baraza moja hapa Mchafukoge miaka ishirini na mitatu, duka langu la vifungo na zipu kushoto, meza yake ya kutengeneza mizani kulia, na naweza kusema bila kumvunjia heshima kwamba alikuwa mbishi, alikuwa na mdomo mchafu, na alikuwa anaiba kete za drafti. Ukigeuka kumsikiliza mteja, ukirudi kete yako moja haipo. Ukimuuliza, anakutazama kwa huruma, kana kwamba ni wewe ndiye umeanza kuzeeka.

Na mtu huyo huyo hakuna aliyeweza kumfanya adanganye kwenye mizani. Walijaribu wengi. Siku moja alikuja muuza viungo wa Kariakoo, bwana mwenye tumbo la heshima, na mzani wake wa iliki kwapani. Akainama karibu na meza, akashusha sauti.

"Fundi, huu nataka uwe na huruma kidogo."

"Huruma kwa nani?" Fundi akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Aa, mzee, si unaelewa."

"Sielewi." Akanigeukia mimi. "Mama Neema, wewe unaelewa? Huyu bwana anataka mzani wenye huruma. Sijui umwonee huruma mteja au umwonee huruma yeye na tumbo lake."

Yule bwana alichukua mzani wake akaondoka bila kuutengeneza. Baada ya wiki mbili akarudi, maana mzani ulikuwa unamnyonya yeye mwenyewe. Fundi akautengeneza, sawasawa kama unywele, na akamkalisha nusu saa kumsomea jinsi chuma kinavyotanuka kwa joto.

Alikuwa na swali moja ambalo alimuuliza kila mtu, liwe jambo kubwa au dogo: "Umeona, au umedhani?" Mjumbe akisema mvua itanyesha, anaulizwa. Mwanamke wa ghorofa ya pili alishuka siku moja analia kwamba mumewe ana mtu Buguruni, akaulizwa vilevile. "Nimedhani," akasema yule mama. "Basi kaone kwanza," Fundi akamwambia, "ndiyo ulie." Akaenda, akaona. Akarudi akalia vizuri zaidi, na Fundi akamtuma muuza kahawa amletee vikombe viwili na kashata.

Jambo lililotushinda kulielewa ni samaki. Fundi alikuwa mtu wa Pwani kabisa, anaongea Kiswahili cha kuning'inia, anavaa kofia ya mkono iliyodariziwa vizuri, na hali samaki. Harusini akiletewa wali wa nazi na changu wa kupaka, anasogeza sahani kwa vidole viwili kama mtu anayesogeza panya. Mimi ni Mchaga wa Marangu, samaki nimemjulia ukubwani, lakini hata mimi niliona hii ni aibu. Maneno yakawa mengi. Wengine walisema ana mwiko wa mganga. Siku moja nikamuuliza wazi.

"Changu ananivimbisha midomo," akasema. "Nimemchemsha miaka minne na nusu, nimemvuta puani, nimemshika kwa mikono mitupu. Mwili ukachoka naye. Sasa nikimla koo linaziba."

"Ulikuwa mpishi?"

Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

Ndipo nikajua kwamba mzee wa mizani alikuwa fundi wa maabara, tena si wa kuosha chupa. Enzi zile za foleni za sukari, yeye na profesa mmoja wa chuo fulani hapa mjini waliamua kusoma protini moja iliyomo kwenye msuli wa changu. Kuisoma maana yake ni kujua imeundwa na asidi amino zipi na zimepangana vipi, ya kwanza mpaka ya mwisho. Zilikuwa mia na nane. Nilimwambia, basi ni kama shanga kwenye uzi. Akakasirika.

"Kila mtu anasema shanga! Shanga unaziona. Wewe chukulia foleni ya dirisha la dawa hospitalini. Watu mia na nane, wote wamekupa mgongo, humjui hata mmoja. Unaruhusiwa kumhoji wa mbele tu. Unamtoa, unamuuliza jina, unaandika. Wa pili anakuwa wa mbele. Unamtoa."

"Mbona rahisi?"

"Rahisi mpaka wafike thelathini. Hapo foleni imevurugika. Huyu kachomekea, yule kabaki nyuma, unamwita mmoja wanakuja watatu. Kwa hiyo unatafuta dawa inayoikata foleni vipande vifupi, unahoji kila kipande peke yake. Lakini sasa hujui kipande gani kilikuwa mbele ya kipi. Unachukua foleni nyingine ya watu wale wale, unaikata mahali pengine, unalinganisha."

"Miaka minne na nusu?"

"Na nusu."

"Halafu ukimaliza unapata nini?"

"Unaijua foleni."

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Akanieleza kwamba protini ile ndiyo inayousaidia msuli kulegea upesi baada ya kukaza. Samaki akipiga mkia, bila hiyo mkia ungechelewa kunyooka. Nikamwambia mume wangu haihitaji, maana sijawahi kumwona amekaza msuli wowote. Alilipenda sana hilo. Alilirudia kwa wateja wake kama la kwake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikosi. Asubuhi alikuwa anakwenda Feri kuchagua changu wa alfajiri, anashika shavu, anafungua jicho, anakataa kumi, anachukua mmoja, anakata mnofu mweupe wa mgongoni, na kilichobaki anawaachia paka. Wauza samaki walimchukia kwa roho moja. Maabara, umeme ukikatika anakimbia kutafuta barafu kwa watengeneza malai, anarudi na gunia linadondosha maji mpaka ghorofa ya tatu. Kwa kuwa protini ile inastahimili moto kuliko wenzake, hatua mojawapo ilikuwa kuchemsha. Nyingine zinaganda, yenyewe inabaki kwenye maji. Chuo kizima kikanuka supu. Wanafunzi walikuwa wanapita wanauliza kama ndimu ipo.

Dawa aliyotumia kumtoa "mtu wa mbele" ilinuka vibaya zaidi, na harufu ilimfuata nyumbani. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa bado hai nilipohamia baraza lile, na alinihadithia mwenyewe, huku Fundi amekaa pale pale.

"Nilimwambia, mume wangu, kama una mwanamke wa nje, mwambie ajipake kitu kingine. Hii si marashi."

"Na mimi nikamjibu nini?" Fundi akasema.

"Ukanijibu kwamba leo umempata wa ishirini na tatu. Nikataka kuzimia."

Lakini kuna jambo halikuchekesha, na hilo alilitoa kidogo kidogo, kwa miaka.

Kwenye nafasi ya arobaini na moja palikuwa na mashaka. Zipo asidi amino mbili zinazofanana sana, asidi aspatiki na asparajini. Ukizipitisha kwenye asidi kali, ya pili inageuka kuwa ya kwanza, na ushahidi unakufa mikononi mwako. Fundi alitafuta njia nyingine: alikitandaza kile kipande kwenye karatasi yenye umeme, akatazama kinakimbilia wapi. Alirudia mara saba. Kikakimbia kama asidi, mara zote saba. Profesa akasema hapana, kwenye samaki wa Ulaya waliokwisha kusomwa mahali pale pana asparajini, na changu naye atakuwa nayo.

"Nikamwambia, changu wetu hajawahi kufika Ulaya," Fundi alinisimulia. "Nikamwambia, wewe hukuona, umedhani. Mbele ya wageni. Mbele ya wanafunzi wake."

"Akasemaje?"

"Akasema mimi ni fundi sanifu."

Makala ikaenda kuchapishwa kwenye jarida la ng'ambo. Nafasi ya arobaini na moja ikaandikwa asparajini. Jina la Fundi halikuwemo kabisa, si juu wala chini. Baada ya miezi miwili akahamishiwa stoo ya vifaa, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza mizani, maana hapakuwa na kingine cha kufanya. Akakaa stoo mpaka akastaafu. Yeye na Profesa hawakusalimiana tena. Wakikutana kwenye korido, mmoja alikuwa anakumbuka ghafla kitu alichokisahau chumbani.

Kwa hiyo mzee niliyemjua mimi alikuwa mtu wa arobaini na moja. Bajaji yenye namba hiyo ikipita anaipigia saluti. Binti yangu Neema alipotimiza miaka mitatu alimletea keki, akasema imebaki thelathini na nane. Neema alikulia miguuni kwake, akimwita Babu, akiharibu vijiwe vyake vya mizani. Akasoma mambo hayo hayo, na leo anafanya kazi kwenye maabara inayosoma vinasaba vya samaki.

Ni Neema aliyeleta balaa. Jumamosi moja alikuja dukani, akamwamkia mzee, akajikalia kwenye kigoda chake.

"Babu, ile arobaini na moja yako, siku hizi tunaijua kwa siku mbili. Hatuigusi hata protini. Tunasoma jeni inayoiandika."

Nilidhani mzee ataruka. Akaendelea kufunga skrubu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

"Siku mbili," akasema.

"Au tatu. Nikuletee?"

"Nani kakwambia nataka kujua? Mimi najua."

Alikataa mwaka mzima. Neema kila akimgusia, anakuwa na mteja, au kichwa kinamuuma, au kumeadhiniwa. Mimi nilimcheka mwanzoni, halafu nikaacha. Mtu aliyejenga uzee wake wote juu ya asidi moja ndogo, utamlaumu kwa kuogopa? Profesa alikuwa na kiti na makala. Yeye alikuwa na ile arobaini na moja tu.

Bi Zuhura alipofariki, mzee alikaa arobaini bila kufungua meza. Aliporudi, kitu cha kwanza alichosema, kabla hata sijamaliza pole yangu, ni: "Mwambie Neema alete."

Neema hakuchukua samaki mmoja. Alichukua changu watano, kutoka siku tano tofauti, ili babu yake asipate pa kutorokea. Akaja na karatasi mbili. Ilikuwa mchana, jua kali, nimeteremsha turubai. Alipiga magoti mbele ya meza ya mzee, na nikaona uso wake si wa mtu anayeleta zawadi.

"Babu, arobaini na moja ni asidi aspatiki. Wote watano. Ulikuwa sahihi."

Fundi alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Mimi ndiye niliyepiga kigelegele, na wateja wa duka la jirani wakatoka kutazama nani anaolewa.

"Subiri, mama," Neema akasema. "Babu, sitini na tano uliandika nini?"

"Leusini," Fundi akajibu palepale, kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe.

"Ni isoleusini. Wote watano."

Nilimuuliza Neema hizo ni nini. Akanieleza kwamba ni mapacha: atomi zile zile, uzito ule ule, isipokuwa kitawi kimoja tu kimeota mahali pengine. Hakuna mzani duniani unaoweza kuzitofautisha.

"Zingine mia na sita?" Fundi akauliza.

"Sawa zote, Babu. Mia na sita zote."

Lakini mzee alikuwa hayasikii hayo. Sitini na tano ilikuwa yake peke yake. Profesa hakuigusa. Hakuna aliyeibishia, hakuna aliyewahi kuishuku. Alichukua karatasi, akazikunja, akasema anakwenda kuswali, na hakurudi mpaka keshokutwa yake.

Aliporudi alikuwa amevaa kanzu ya Idi. "Mama Neema, funga duka. Unanisindikiza Upanga."

Profesa alikuwa anaishi Upanga, ghorofa ya kwanza. Tulichukua bajaji. Njiani nikamshauri, kwa nia njema, kama mfanyabiashara. Nilimwambia, mzee, hii sitini na tano tunaijua watu watatu. Wewe kamwambie arobaini na moja, umpe haki yake usoni, turudi zetu. Na hata ile nyingine, nani anajua, labda samaki wako wa zamani alikuwa tofauti na hawa wa Neema.

"Hakuwa tofauti," akasema. "Niliharakisha. Bi Zuhura alikuwa na uchungu wa mtoto wa pili, nikataka kumaliza kile kipande niwahi. Niliona doa kwenye karatasi liko katikati ya leusini na isoleusini. Nikachagua."

Akageuza uso kutazama barabara mpaka tukafika.

Binti wa Profesa alitufungulia. Profesa alikuwa sebuleni, mwembamba kama fimbo ya pazia, macho yameingiwa na ukungu mweupe, haoni. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Nani?" akauliza.

"Mimi."

Profesa alinyoosha mkono akazima redio. "Niliambiwa umekufa."

"Aliyekuambia alikuwa anatamani tu."

"Kaa, bwana. Kaa. Huyo mwingine nani?"

"Jirani yangu. Anauza zipu."

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na nikakaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma nikijiandaa kuona mzee wangu anavyolipiza kisasi chake. Fundi alitoa karatasi mfukoni. Akakohoa.

"Profesa, sitini na tano ni isoleusini. Nilikosea."

Nilitaka kumfinya. Hata hakuanza na ile yake.

Profesa aligeuza uso kuifuata sauti. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Sitini na tano. Tulipovunja kile kipande na kuhesabu, leusini zilipungua moja na isoleusini ilizidi moja. Niliiona kabla hatujatuma makala."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa nimeshakukatalia moja, mbele za watu. Ulikuwa huli na mimi, husemi na mimi. Nikasema nikimkatalia na ya pili, ataacha kazi. Nikaiacha."

Fundi alisimama. Nilifikiri anakwenda kumkumbatia. "Yaani wewe," akasema, "ile niliyopatia ukanikatalia, halafu ile niliyokosea ukaniachia?"

"Ukilisema hivyo, linasikika vibaya."

"Linasikikaje vizuri? Lisikize mwenyewe basi!"

"Usinipigie kelele, mimi kipofu, si kiziwi. Na arobaini na moja umepatia? Umehakikisha?"

"Samaki watano!"

"Watano wa siku moja?"

"Siku tano! Una akili wewe?"

Binti wa Profesa alikuja na chai mbio, akidhani baba yake anapigwa. Nikamwashiria aache. Walibishana mpaka chai ikapoa, vinasaba, karatasi ya umeme, barafu ya malai, nani alivunja chupa kubwa ile, na Profesa alikuwa na rangi mashavuni ambayo binti yake aliniambia hajaiona tangu macho yalipoondoka. Kisha, katikati ya kelele, Profesa akasema kwa sauti ya chini, "Nilikosea, bwana. Ile ya arobaini na moja. Na ya stoo. Ile ya stoo nilikosea zaidi."

Fundi akakaa. Akafuta uso kwa pindo la kanzu. "Mm," akasema.

"Lile jarida bado lipo," Profesa akasema. "Wanapokea masahihisho. Kuna kalamu hapo?"

Kalamu ilipatikana kwenye kabati la vyombo. Profesa alisema, Fundi akaandika, mezani, akisoma kila sentensi kwa sauti na kuibadilisha bila ruhusa. Ilikuwa barua fupi, ya makosa mawili tu. Walipofika mwisho Profesa akasema, "Sasa majina. Lako litangulie."

Fundi alitikisa kichwa, akakumbuka mwenzake haoni. "Halitangulii."

"Acha kiburi. Baada ya miaka yote hii, nakuomba mwenyewe."

"Si kiburi. Arobaini na moja iko kabla ya sitini na tano. Kosa lako ndilo la kwanza."

Profesa akaanza kucheka, kicheko cha kikohozi, mpaka binti yake akamshika bega. Fundi hakucheka. Aliandika jina la Profesa, chini yake akaandika la kwake lote, mpaka la babu, kisha akaisukuma barua kwangu nitazame kama mistari imenyooka.